UZI: Barua rasmi za Kiingereza kwa wanafunzi wa utalii. Tunaandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza

Mleta mada

Habari zenu wakuu.

Nilikaa ofisi ya bukingi Arusha miaka mingi kabla ya kuhamia darasani. Sasa nafundisha mawasiliano ya biashara kwa vijana wanaosoma utalii. Juzi nimemaliza kusahihisha barua za darasa zima, na nimeona nilete hili jambo huku maana najua wengi humu ama ni wanafunzi, ama wako maofisini wakipokea vijana wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

Zoezi lilikuwa hili. Wakala wa safari wa Uingereza ameandika kuuliza nafasi kwa wateja wake 4, usiku 5, Serengeti na Ngorongoro, mwezi wa saba. Mwanafunzi ajibu kwa niaba ya kampuni.

Barua nyingi zilianza hivi: "Refer to the heading above." Ikafuata "I hope this letter will find you in good health as I am here in Tanzania." Aya ya pili ikaeleza furaha ya kampuni kupata barua. Aya ya tatu ikaisifia Serengeti. Mwisho kabisa: "Yours in building the nation." Nimesoma barua moja ya ukurasa mzima mara mbili nikitafuta kama nafasi ipo au haipo. Haikusema.

Naomba nieleweke. Sarufi ya hawa vijana siyo mbaya. Wengine wanaandika Kiingereza kizuri kuliko nilivyoandika mimi umri wao. Tatizo ni kwamba wameandika barua ya Kiswahili na kuivalisha maneno ya Kiingereza. "Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu" tumefundishwa tangu sekondari, na kwenye barua ya kwenda halmashauri ina mahali pake. "Wako katika ujenzi wa Taifa" ina historia yake na heshima yake. Lakini yule wakala London hajengi taifa letu, na kichwa cha habari ameshakisoma, kiko sentimita mbili juu ya hapo.

Kwetu mtu akipiga hodi hatumuulizi shida yake mlangoni. Anakaribishwa, anakaa, anaulizwa habari za nyumbani, ndipo jambo linatoka. Barua zetu zinafuata njia hiyohiyo. Barua ya biashara ya Kiingereza inatoa jambo kwanza, na msomaji wake anaona hiyo ndiyo heshima, kwa sababu umejali muda wake. Huyo wakala ana mteja anasubiri jibu, na pengine ameandikia kampuni nne au tano za Arusha siku hiyohiyo. Anayemjibu wazi ndiye anayepata kazi.

Hebu tuangalie mwanzo ambao ungetosha:

"Thank you for your letter of 3 March. We are pleased to offer two double rooms for your four clients from 14 to 19 July 2026, five nights in all, on full board."

Sentensi mbili. Ya kwanza imeshukuru na kutaja barua inayojibiwa, kwa tarehe yake. Ya pili imesema nafasi ipo, vyumba vingapi, vya aina gani, watu wangapi, lini hadi lini, usiku mingapi, na chakula. Baada ya hapo unakuja na bei: kwa mtu au kwa kundi, kwa fedha gani, imejumuisha nini na nini hakimo. Ada za hifadhi zimo? VAT imo? Maji ya kunywa kwenye gari? Bakshishi? Kisha utamshikilia nafasi hadi tarehe gani, na malipo ya awali ni kiasi gani. Unamaliza kwa kumwambia unachosubiri kutoka kwake. Ukiniuliza uti wa mgongo wa barua ya utalii ni nini, nitakujibu ni huo, na mapambo mengine yanauzunguka.

Sasa kuna vitu viwili ambavyo vinatuumiza sisi hasa, Waswahili, na sijaona kitabu cha Kiingereza kinachovitaja kwa sababu waandishi wake hawana shida hiyo.

Cha kwanza ni saa. Mwanafunzi ameandika: "Breakfast will be served at 1.00 a.m." Alikuwa anafikiria saa moja asubuhi. Mwingine kaandika kwamba wageni wataondoka kwenda kuangalia wanyama "at 12.00", maana yake saa kumi na mbili asubuhi, geti linapofunguliwa. Tunacheka darasani, lakini ofisini hilo ni gari linalosubiri mlangoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mgeni anayeshuka saa sita mchana. Dawa yake nawapa moja: kwenye barua andika saa kwa mtindo wa 24. 06:00, 07:00, 20:30. Ukimaliza, soma kila saa uliyoandika kwa sauti ya Kiswahili, uone kama inarudi ulikotoka.

Na hapo hapo kuna "usiku wa kuamkia". Ndege inatua saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne. Kwenye tiketi hiyo ni Jumanne saa 00:40, lakini chumba cha hoteli lazima kianzie Jumatatu usiku, la sivyo mgeni anafika na chumba chake kinaanza saa nane mchana wa siku hiyo. Andika kwenye barua: "arriving on Tuesday 14 July at 00:40, room booked from Monday 13 July." Usimwachie msomaji kazi ya kuhesabu.

Cha pili ni tarehe za tarakimu, na hili lilinipata mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini wakala wa Marekani aliandika kwamba wanandoa fulani wanafika "07/08". Mimi nikasoma tarehe 7 mwezi wa nane, kama sisi na Waingereza tunavyoandika. Nikamjibu nathibitisha 07/08. Akafurahi, nikafurahi. Wamarekani huanza na mwezi. Wale watu walitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tarehe 8 Julai usiku, hakuna dereva, hakuna chumba, na ni msimu wa wageni wengi. Walilala walikopata. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika barua ya kuomba radhi, na tangu siku ile mwezi nauandika kwa herufi kwenye kila karatasi inayotoka mkononi mwangu. 8 July 2026, basi. Hakuna nchi itakayoisoma vingine.

Naomba kuwasilisha. Wenye maswali na wenye uzoefu karibuni.

---

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Temeke

Asante mwalimu kwa darasa. Mimi nachanganyikiwa na mwisho wa barua. Kuna "Yours faithfully", "Yours sincerely", kuna "Best regards". Tumepewa kukariri lakini sijui mantiki yake.

---

Mleta mada

Swali zuri mdogo wangu. Angalia ulivyoanza, ndiyo itakuambia unamalizaje. Kama humjui jina umeanza na "Dear Sir or Madam", unamaliza na "Yours faithfully". Kama umemtaja, "Dear Mrs Smith", unamaliza na "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Waingereza. Wamarekani wao hupenda "Sincerely" peke yake, na baada ya jina kule juu wanaweka nukta mbili badala ya mkato. "Best regards" ni ya barua pepe na watu mliokwisha kuzoeana kikazi.

Na herufi kubwa ni kwenye Yours tu. "Yours Faithfully" yenye F kubwa naiona kila siku, hata kwenye barua za ofisi kubwa.

Niongeze la majina maana umenikumbusha. Sisi tunasema Bwana John, Mama Neema, Dokta Asha, cheo na jina la kwanza, na ni heshima kamili. Kwa hiyo mwanafunzi akipata barua iliyosainiwa John Smith anajibu "Dear Mr John". Kwa Kiingereza Mr, Mrs na Ms hukaa na jina la ukoo: "Dear Mr Smith". Kama hujui ni mwanamke aliyeolewa au la, andika Ms. Kama huwezi kujua hata ni mwanamume au mwanamke, na majina ya Kijerumani au Kipolandi yanaweza kukuchanganya, andika jina lote, "Dear Andrea Rossi". Andrea huyo akiwa Mtaliano kuna uwezekano mkubwa ni mwanamume, akiwa Mjerumani huenda ni mwanamke. Jina kamili linakuepusha na hilo.

---

Mdau wa Paje

Assalaam alaykum ndugu. Nimesoma kwa makini, lakini mimi hapa nina lakini yangu.

Huku Unguja tunaishi kwa ukarimu. Mgeni anakuja kwa bahari, ndiyo, ila anarudi mwaka wa pili kwa sababu alipokewa kama mtu. Ukikata karibu zote na salamu zote kwenye barua, inabaki karatasi ya hesabu. Wageni wetu wengi huku ni Wataliano, Wajerumani, Wapolandi. Hao si Waingereza wa kupenda ukavu. Mimi naona barua ya kwanza ndipo mgeni anapoonja Zanzibar.

---

Mleta mada

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema kweli na nakubali sehemu kubwa. Ninachopinga ni mahali inapowekwa, na maneno yenyewe.

Chukua "karibu sana". Vijana wanaiandika "You are very welcome". Mwenye Kiingereza akisoma hivyo anadhani unamjibu asante aliyoitoa. Ukarimu unaoukusudia kwa Kiingereza unakaa hivi: "We look forward to welcoming you to Paje." Na baada ya "look forward to" ni welcoming, hearing, meeting, siyo "to welcome" wala "to hear". Kosa hilo linajirudia sana.

Mahali pake ni mwisho, baada ya mgeni kujua chumba chake kipo na bei yake ni ngapi. Hapo sentensi moja ya ukarimu inamgusa kweli, hasa ikiwa na kitu chake ndani yake. Kama alitaja kwamba mke wake anajifunza kuogelea, mwandikie maji yanavyokuwa kwenye ufukwe wenu na saa gani yanatoka. Watu wa Paje mnajua bahari ya huko hukauka mbali wakati wa maji kupwa, mgeni hajui, akifika mchana akakuta mchanga mtupu anaona amedanganywa. Ukimweleza mapema, na ukamwambia hotelini atapata ratiba ya maji kila asubuhi, umemkarimu kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Hilo la Wataliano na Wapolandi ni la msingi zaidi ya ulivyolisema. Msomaji wako mara nyingi Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, kama wewe. Sasa ukimwandikia "We beg to acknowledge receipt of your esteemed enquiry", nyote wawili mmepotea. Sentensi fupi. Maneno ya kawaida. Na namba pia ziangalie: Mjerumani huandika 1.250,00 pale tunapoandika 1,250.00. Ukiona nukta kwenye barua yake usidhani ni dola moja na senti.

---

Mdau wa Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Kwetu Kenya Kiingereza tunakitumia kazini kila uchao, lakini usidhani tumepona. Sisi tuna ugonjwa wa "kindly". Kindly find attached, kindly confirm, kindly revert. Meneja wangu, mama mmoja mkali na mwenye busara, alinikataza neno "revert" kabisa. Ofisini kwetu lilikuwa linamaanisha jibu, lakini mteja wa Uingereza alituandikia kuuliza turudie hali gani ya awali. Tangu hapo naandika "please reply by Friday 12 June" na mambo yanakwenda.

Lingine, "you are requested to pay". Kwa Kiswahili "unaombwa kulipa" ni adabu. Kwa Kiingereza linasikika kama hati ya kuitwa mahakamani.

---

Mleta mada

Asante sana kaka, hilo la "you are requested" nalichukua kesho darasani. Kuna moja la jamii hiyo ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kuwa kosa.

Sisi hatupendi kumwambia mtu hapana. Tunasema "itakuwa ngumu kidogo", "tutaangalia", "tutajitahidi". Mswahili akisikia "itakuwa ngumu kidogo" ameshajua haiwezekani, anashukuru na kuondoka. Ukiiandika "it will be a little difficult", msomaji wa nje anaelewa kwamba inawezekana kwa juhudi kidogo, na anaanza kusubiri. Wiki mbili baadaye anaandika kwa hasira. Wewe unashangaa, mbona nilimwambia?

Mfano wa kweli wa kazini. Wakala anaandika kwamba wateja wake wanataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, mwezi Februari. Februari nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Kule kaskazini huwa wanafika kuanzia mwezi wa saba hivi, na kuvuka huonekana hadi kama mwezi wa kumi. Nimeona barua za wanafunzi zikijibu "we will try our best to show them the crossing". Hiyo ni ahadi ya kitu ambacho hakipo. Jibu sahihi linakataa wazi na papo hapo linafungua mlango mwingine:

"Unfortunately, river crossings do not take place in February, as the herds are then in the south. At that time your clients can see the calving season near Ndutu. If the crossing is essential, we suggest travelling between late July and September."

Neno "unfortunately" limebeba samahani yote inayohitajika. Hakuna aliyedhalilishwa, na mteja ana njia mbili za kuchagua. Na msiahidi kuvuka hata mwezi wa tisa. Andikeni "may see". Nyumbu hawasomi barua zetu.

---

Mkongwe wa Moshi

Mleta mada heshima kwako. Lakini siku hizi nani anaandika barua? Wageni wa mlima tunamalizana nao kwa WhatsApp, na kijana akihitaji barua anaiambia akili mnemba, sekunde tatu imetoka, Kiingereza safi kuliko cha kwako na changu. Hawa wanafunzi wafundishwe kitu kingine.

---

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana kwamba karatasi yenye bahasha imepungua sana. Lakini barua yenyewe imehamia tu ndani ya barua pepe na PDF yenye nembo ya kampuni. Uthibitisho wa bukingi ni barua. Barua ya kuunga mkono maombi ya viza ni barua. Mgogoro wa kurudisha fedha ukitokea, kinachowekwa mezani ni maandishi hayo, na ujumbe wa simu wenye "poa boss tutawasiliana" hautakusaidia.

Kuhusu akili mnemba, wanafunzi wangu wanaitumia na siwakatazi. Niliwapa zoezi hilohilo la wageni 4. Barua zilitoka na Kiingereza kizuri kabisa. Moja ilimwahidi wakala bwawa la kuogelea kwenye kambi ya mahema ambayo haina bwawa. Nyingine iliweka masharti ya kughairi safari ambayo kampuni haijawahi kuyaandika popote. Mwanafunzi akasaini. Sasa mzee, yule mgeni akifika na suti yake ya kuogelea, nani aliyeahidi? Ni aliyesaini. Kijana asiyejua barua inapaswa kuwa na nini hawezi kuona kilichozidi wala kilichopungua.

Na ninyi watu wa mlima mna mambo mengi ambayo ni mwenyeji tu anajua kuyaweka. Mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu analala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, wa njia ya Machame analala kwenye hema. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na vitu vyake mwenyewe vimo humo, kwa hiyo begi la mgeni linabaki kama kilo 15. Raia wa Marekani viza yake ya Tanzania ni dola 100, wakati wengine wengi ni dola 50. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na mgeni aliyepakia nguo zake kwenye mifuko hiyo anahangaika uwanja wa ndege. Aya moja fupi yenye mambo hayo inamfanya mgeni aone ameshikwa mkono na mtu anayejua. Hiyo ndiyo ninayotaka vijana waandike.

---

Mkongwe wa Moshi

Marahaba kijana. Hilo la mifuko ni kweli tupu, limenisumbua sana. Endelea.

---

Dada wa mapokezi

Jamani mimi nipo hoteli, shida yangu ni barua za malalamiko. Mgeni kaandika ukurasa mzima, maji ya moto hayakutoka siku mbili. Nikimwandikia "we are very sorry" bosi anasema nimekubali kosa. Nisipoandika, mgeni anaona hatujali. Nifanyeje?

---

Mleta mada

Dada yangu, hapa ndipo penye ugumu wa kweli, acha nikae kidogo.

Kiswahili kina pole na kina samahani. Pole unampa hata aliyejikwaa mwenyewe, haina hatia ndani yake. Samahani unaitoa wewe uliyekosa. Kiingereza kina "sorry" moja inayofanya kazi zote mbili, ndiyo maana bosi wako anaogopa. Lakini barua rasmi ina njia ya kuzitenganisha. Kama ni pole, mvua ilinyesha, ndege ilighairiwa na shirika, andika "We were sorry to hear that your flight was cancelled." Kama ni kosa lenu, andika "We apologise for the lack of hot water during your stay." Na kwako wewe ni kosa lenu. Maji ya moto mgeni ameyalipia. Muoneshe bosi wako hii: mgeni ameshajua kwamba maji hayakutoka, kukiri hakumwongezei taarifa yoyote. Kinachomuudhi ni kuzungushwa.

Usiandike "sorry for the disturbance". Usumbufu huo ni "inconvenience". "Disturbance" ni fujo.

Barua yenyewe ningeiandika hivi:

"Thank you for your letter of 2 May about your stay with us from 24 to 27 April. We apologise for the lack of hot water in your room on the first two nights. The boiler serving that block had failed, and you should have been moved to another room at once. The boiler has since been replaced. We are refunding one night's accommodation, USD 120, to your card by 15 May. Thank you for telling us about this."

Tazama ilivyokwenda. Imetaja barua yake na siku zake, akajua imesomwa. Imetaja kosa kwa jina, haikusema "the issue". Sababu ni sentensi moja tu, wala haikumtupia fundi lawama; ukimtaja fundi au dereva kwa ubaya, mgeni anaona hoteli inajificha nyuma ya mtu wa chini. Halafu imesema jambo ambalo wengi wanaliacha: kilichopaswa kufanyika siku ile. Kisha kilichofanyika, kiasi cha fedha, na tarehe. Na "accommodation" ina c mbili na m mbili, naomba muiandike ukutani.

Ile barua yangu ya wale wanandoa wa KIA niliiandika mara nne. Tatu za kwanza zilieleza tofauti ya tarehe za Uingereza na Marekani kwa kirefu, kana kwamba walihitaji somo. Bosi wangu wa wakati ule alizikataa zote akasema, andika walilala wapi usiku ule, na tunalipa nini. Nikaandika hivyo. Walijibu, na walikubali marejesho.

---

Mwanafunzi wa fildi

Mwalimu shikamoo. Natafuta nafasi ya fildi Arusha, nimeshatuma barua kumi na moja, kimya. Naomba unisaidie hapa. Ninaandika: "I am a humble student of tourism. I kindly request to be considered for a chance in your esteemed company. I am hardworking and ready to do any work. I will be very grateful if my request will meet your kind consideration."

---

Mleta mada

Marahaba mwanangu. Usivunjike moyo, makosa yake yanarekebishika leo leo.

Jiweke kwenye kiti cha anayeisoma. Ni mwezi wa tano, msimu unakaribia, ana barua kama hizi mezani na zote zinasema hardworking na any work. Kwenye hiyo yako sijaona unasoma chuo gani, ngazi gani, unataka kuanza lini, wiki ngapi, idara gani, unaongea lugha zipi, na chuo kinataka kampuni ikufanyie nini. Akitaka kukuchukua hana cha kushika. Ondoa humble, ondoa esteemed. Andika upya ulete hapa.

---

Mwanafunzi wa fildi

Nimejaribu, mwalimu:

"I am a second-year diploma student in tour guiding. I am writing to apply for an eight-week field placement in your reservations department from June. I speak Swahili, English and basic German, and I have prepared quotations and itineraries in class. My college requires a supervisor's report at the end of the placement. The form is enclosed. I can come for an interview on any weekday and may be reached on the number above."

---

Dada wa mapokezi

Mdogo wangu hii hata mimi ningekuita.

---

Mleta mada

Umeona tofauti? Sina la kugusa kwenye mwili wa barua isipokuwa vitu viwili. Taja chuo kwa jina, baada ya "tour guiding". Na "from June" ni mwezi mzima, weka siku: "from Monday 8 June to Friday 31 July 2026". Hizo ni wiki nane kamili, nimehesabu. Kisha piga simu kila kampuni uulize jina la meneja wa bukingi na linavyoandikwa, ili uanze na jina lake na umalize na "Yours sincerely". Zile kumi na moja zitume tena.

---

Mwanafunzi wa fildi

Nimepiga tatu tayari. Mmoja kanitajia jina lake herufi kwa herufi, akaniuliza mwenyewe naanza lini.